Siku ya kuchuma: nanasi na avoka za vakansi, Itebero

Mwezi wa saba watoto wako vakansi, na nyumba yetu hapa Itebero inaamka mapema kuliko siku za masomo. Saa kumi na mbili asubuhi koko alikuwa amekwisha kufunga kitambaa kichwani. "Muamke, jua halingojee mutu," alisema. Tulikuwa watu saba: koko, mama watoto, watoto wanne na mimi. Safari ilikuwa ya kuchuma matunda, kwanza kwenye shamba letu, kisha kwa shangazi yao ng'ambo ya mto. Kama kawaida ya siku hizi, tuliulizia kwanza kwa majirani kama njia ni salama.

Kwa watoto ilikuwa matembezi. Kwa mama watoto na mimi ilikuwa pia deni la mwaka jana.

Mwaka jana tulichuma avoka kwa haraka. Tulitikisa matawi, matunda yakaanguka chini, tukayajaza kwenye mifuko na kuyapandisha juu ya moto. Kwa macho yalikuwa mazuri. Lakini barabara ya kuelekea Bukavu mnaijua: mashimo, matope, kulala njiani. Mnunuzi alipasua avoka ya kwanza, ndani ilikuwa nyeusi. Akapasua ya pili, hivyo hivyo. Akafunga mfuko, akaenda zake. Minervali ya binti yetu wa sekondari ilikuwa ndani ya mifuko ile. Alianza masomo wiki mbili nyuma ya wenzake.

Shambani tulianza na nanasi. Mtoto wa miaka tisa alisimama mbele ya moja lililokuwa njano karibu lote. "Papa, hii iko tayari?" Nikamjibu: "Kwa tumbo letu, ndiyo. Kwa soko la mbali, imechelewa." Nanasi la kusafiri tunalikata macho ya chini yakianza tu kugeuka njano. Lakini likiwa kijani lote tunaliacha, kwa sababu nanasi likisha kukatwa haliongezi sukari tena. Tunakata kwa panga kali, tunabakiza kipande cha kikonyo, na hatuondoi shada la majani. Vichipukizi vya pembeni watoto walivikusanya kwa kupanda. Kichipukizi kizuri kinaweza kuzaa baada ya mwaka mmoja na nusu hivi; shada linakawia zaidi.

Kisha tukafika chini ya mti wetu wa avoka. Ulikuwa umebeba mpaka matawi yameinama. Hapa ndipo ilikuwa kazi ngumu. Avoka haiivi ikiwa mtini. Inalainika baada ya kuchumwa. Kwa hiyo rangi ya nje inadanganya. Binti mkubwa alichuma moja, akaipasua, akatoa mbegu. Ngozi ya mbegu ilikuwa nyeupe na nene. Akajaribu ya tawi lingine: vilevile. Avoka iliyokomaa, ngozi ya mbegu yake ni nyembamba na ya kahawia. Ile changa, hata ukiingoja nyumbani, inanyauka na kuwa kama mpira.

Tukaangaliana. Mnunuzi alikuwa anapita kesho yake, na tulikuwa tunahitaji makuta. Binti ndiye aliyesema: "Tuache. Mwaka jana ilitosha." Tukaacha mti mzima, tukaenda zetu.

Kwa shangazi, mbegu zilikuwa za kahawia. Tulitumia mti mrefu wenye kulabu na kifuko kichwani, ili tunda liingie ndani bila kugusa udongo. Kila avoka ilibaki na kikonyo kifupi, maana kikonyo kikingoka, uozo unaingia kupitia shimo lile. Kijana wetu wa pili, kwa mazoea, alitikisa tawi moja. Kumi na nne zikaanguka. Koko hakupiga kelele. Alimpa kitunga peke yake: "Hizo ni zako. Za nyumba. Usizichanganye na za wenzako."

Saa ya jua kali tulikaa kivulini, tukala mihogo ya kupika, avoka zilizolainika ambazo shangazi alikuwa ametuwekea, na papai lililoiva. Watoto wanafikiri ni utamu tu. Lakini papai lina vitamini A inayosaidia macho, na mafuta ya avoka yanasaidia mwili kuipokea. Tusiuze yote halafu watoto wakose.

Kabla ya kurudi tulitandika majani ndani ya vitunga, tukapanga matunda bila kuyatupa, tukafunika na majani. Ndizi zilizoiva tulibeba mbali, maana zinaharakisha avoka kulainika. Tulirudi na vitunga vitatu vya kuuza na kimoja cha nyumba.

Kesho yake mnunuzi alipasua ya kwanza, kisha ya pili. Akaleta mizani. Tulipata nusu ya minervali. Nusu nyingine bado iko juu ya mti wetu, na safari hii tutaingoja.

Ndugu wanachama, nina ombi moja kwa mkutano unaokuja. Tukichuma kila mtu siku yake, kila mmoja anakimbilia mnunuzi na matunda machanga. Tukikubaliana siku moja ya kuchuma, karibu na siku ya soko, tutapima mbegu pamoja, tutatenga yaliyoanguka, na moto zitapakia siku hiyo hiyo. Na watoto waje. Wakijifunza sasa kuacha tunda changa mtini, hawatalipa deni kama letu.