Neno Lililofichwa na Viambishi: Vichujio vya Utafutaji katika Utafiti wa Kiswahili

Katika mapendekezo mengi ya utafiti wa uzamili hupatikana dai lililozoeleka, kwamba suala linalochunguzwa halijashughulikiwa na mtaalamu yeyote. Aghalabu msingi wa dai hilo ni neno moja lililoandikwa katika kisanduku cha kutafutia na mtafiti akaambulia patupu. Huenda kazi zipo, ila neno liliandikwa kwa umbo ambalo mwandishi wa kazi hizo hakulitumia.

Tatizo hili lina mizizi katika mofolojia. Maneno alipiga, hawakupiga na tulivyompiga yana mzizi mmoja, lakini kila moja huanza kwa herufi tofauti. Mtunga kamusi huyaweka yote chini ya piga. Mtambo wa kutafutia, aghalabu, hulinganisha herufi tu. Vivyo hivyo, anayetafuta jicho hapati macho. Wapo wanaodhani kinyota kitawaokoa, ilhali katika Google kinyota husimama badala ya neno zima, si kipande cha neno.

Tahajia nayo huongeza ugumu. Utungo mmoja huitwa Utendi wa Mwana Kupona na pia Utenzi wa Mwanakupona. Alama za mtajo hulazimisha mtambo ulete fungu la maneno jinsi lilivyoandikwa. Kwa hiyo anayezitumia hana budi kutafuta kila umbo peke yake. Alama ya kutoa, kwa upande wake, huondoa kurasa zenye neno lisilotakiwa. Mtafiti wa fasihi simulizi anayetafuta ngano hukutana na habari za mazao, naye akiandika ngano -unga -mkate hupunguza usumbufu huo. Lakini pia ataikosa ngano ya mama aliyekuwa akisaga unga! Kichujio cha namna hiyo kitumiwe baada ya kuyapitia matokeo ya awali, si kabla.

Nafuu kubwa zaidi imo katika kopasi, yaani hazina ya matini iliyochanganuliwa kwa tarakilishi. Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki, nchini Ufini, inayotokana na kazi ya Arvi Hurskainen, ina takriban maneno milioni 25 katika toleo lake la pili. Kila neno limeambatishwa umbo lake la msingi na aina yake. Katika programu ya Korp, mtafiti huchagua utafutaji wa kina, akabadilisha kigezo kutoka neno hadi umbo la msingi, kisha akaandika piga. Alipiga na hawakupiga huja pamoja. Akipenda kuona kipigo na mpigaji pia, huchagua neno lenye herufi pig ndani yake, ingawa hapo atalazimika kupepeta makapi kwa mkono.

Kopasi hiyo ina magazeti, vitabu na mijadala ya Bunge la Tanzania. Mwanafasihi anayehesabu matumizi ya neno bila kuteua sehemu ya vitabu atakuwa amewahesabu wabunge pamoja na waandishi wa riwaya. Naye mtafiti wa ushairi wa Kimvita asichukue ukimya wake kuwa ushahidi. Sehemu kubwa ya ushairi huo iliandikwa kwa hati za Kiarabu, na picha ya mswada haitafutiki kwa herufi. Hupatikana kupitia maelezo ya orodha ya maktaba, kwa tahajia aliyoichagua mwenye kuiandaa.