Kiapo cha Rais Hakiliwi Gizani

Jioni ya Desemba 30, 2007, muda mfupi tu baada ya matokeo ya urais wa Kenya kutangazwa, Mwai Kibaki aliapishwa Ikulu jijini Nairobi mbele ya Jaji Mkuu Evan Gicheru. Giza lilikuwa likiingia. Upinzani ulikuwa bado unalalamikia hesabu ya kura, lakini rais alikwisha kula kiapo. Ghasia zilizofuata ziliua zaidi ya watu 1,000. Chanzo chake hakikuwa kiapo, ila haraka ile iliwafungia mlango waliotaka kusikilizwa kwanza.

Ukisoma kifungu cha 141 cha Katiba ya 2010, unaiona jioni ile nyuma ya kila sharti. Rais mteule ataapishwa hadharani, mbele ya Jaji Mkuu, au naibu wake asipokuwepo. Kusipokuwa na kesi, ataapishwa Jumanne ya kwanza baada ya siku ya 14 tangu matokeo kutangazwa. Kesi ikiwapo, ni Jumanne ya kwanza baada ya siku ya 7 tangu Mahakama ya Juu kuthibitisha uchaguzi. Mwaka 2022 majaji walitoa uamuzi Jumatatu, Septemba 5. Siku ya 7 ikawa Jumatatu iliyofuata, na kesho yake, Septemba 13, William Ruto akaapishwa uwanjani Kasarani. Hata saa imewekwa: sheria ya mwaka 2012 inataka sherehe ifanyike kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Wengine huona huko ni kubana mno. Mimi naona ni kinga ya mwananchi.

Mchana na umati peke yake, hata hivyo, havimpi mtu urais. Januari 30, 2018, Raila Odinga aliapa Uhuru Park mbele ya maelfu ya wafuasi wake kuwa “rais wa wananchi”, lakini Jaji Mkuu hakuwepo, wala matokeo rasmi hayakumtaja kuwa mshindi.

Tena kutamka hakutoshi. Rais mteule hula viapo viwili, cha utiifu na cha kutekeleza kazi za urais, kisha huvitia saini. Hadi hapo, rais anayeondoka ndiye rais, ila tangu siku ya kupiga kura hawezi kuteua majaji, mawaziri wala mabalozi, wala kusamehe wafungwa.