Linda Nchi: Haki ya Kujitetea Yaishia Wapi?

Kila vita vinapozuka duniani, aliyerusha kombora la kwanza husema anajitetea, na aliyelirudisha pia husema anajitetea. Barazani watu huniuliza: je, nchi yaweza kusema hivyo tu, kisha ikavuka mpaka na kufanya itakalo? La, haiwezi. Na sisi wa Pwani yatupasa kulijua jibu hili kuliko wengine, kwani Kenya ilipovuka mpaka kwa jina la kujilinda, sababu ya kwanza iliyotajwa ni yaliyotokea Lamu.

Tuanze na sheria yenyewe. Ibara ya 2 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1945 inakataza nchi kutumia nguvu, au kutishia kuzitumia, dhidi ya nchi nyingine. Ibara ya 51 ndiyo inayofungua mlango mdogo: nchi ikishambuliwa kwa silaha ina haki ya kujitetea, peke yake au ikisaidiwa na wenzake. Mlango huo una masharti. Lazima shambulio liwepo. Lazima Baraza la Usalama liarifiwe mara moja. Na haki hiyo hudumu mpaka Baraza lenyewe lichukue hatua za kurudisha amani.

Yapo masharti mengine mawili ambayo Mkataba haukuyataja, lakini mahakama huyashika sana: ulazima na uwiano. Asili yake ni kisa cha mwaka 1837. Wanajeshi wa Uingereza waliokuwa Canada walivuka mto Niagara usiku, wakaichoma meli ya Marekani iliyoitwa Caroline kwa kuwa ilikuwa ikiwasaidia waasi. Daniel Webster, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, aliwajibu kwamba anayedai kujitetea aonyeshe haja ya papo hapo, isiyompa njia nyingine wala muda wa kutafakari, na hata hapo asipitilize.

Kwa lugha yetu: mwizi akiingia kwako usiku, una haki ya kupambana naye hadi atoke. Ukimfuata kwao wiki ya pili ukaichoma nyumba ya babake, hicho ni kisasi, na kesi yako ni nyingine.

Mfano mzuri uko kwa majirani zetu. Majeshi ya Uganda yaliingia Kongo mwaka 1998, na Uganda ikasema inajikinga na waasi wa ADF waliokuwa wakiishambulia kutoka mashariki mwa nchi hiyo. Kongo ikaenda Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague. Hii si ICC iliyowashtaki viongozi wetu, bali ni ile inayoamua kesi baina ya nchi na nchi. Mwaka 2005 Mahakama iliikataa hoja ya Uganda. Haikuthibitishwa kwamba mashambulizi ya waasi yalikuwa kazi ya serikali ya Kongo. Uganda haikuliarifu Baraza la Usalama kama inavyotakiwa. Tena, kuteka miji na viwanja vya ndege vilivyo mamia ya kilomita kutoka mpakani hakulingani na mashambulizi ya mpakani. Mwaka 2022 Uganda iliamriwa kulipa fidia ya dola milioni 325.

Sasa turudi kwetu. Septemba na Oktoba 2011 wageni walitekwa Kiwayu na Manda, mmoja akauawa, kisha wafanyakazi wa misaada wakatekwa Dadaab. Katikati ya Oktoba jeshi letu likaingia Somalia katika operesheni ya Linda Nchi. Kenya ililiarifu Baraza la Usalama, na hilo ni jambo la kuipongeza. Lakini je, utekaji ule, ambao al-Shabaab walikana kuhusika nao, ulifikia kiwango cha shambulio la silaha? Katika kesi ya Nicaragua na Marekani mwaka 1986, Mahakama ilisema kwamba si kila tukio la mpakani hufikia kiwango hicho.

Kwa maoni yangu, hoja ya kujitetea peke yake ilikuwa nyembamba. Kilichoipa Kenya nguvu ni ridhaa. Rais wa Somalia wakati huo, Sheikh Sharif, aliupinga uvamizi hadharani, lakini kabla ya mwezi kwisha serikali mbili hizo zilikubaliana. Mwaka 2012 wanajeshi wetu wakaingizwa katika kikosi cha AMISOM kilichoidhinishwa na Baraza la Usalama. Mgeni aliyekaribishwa haulizwi kwa nini yumo ndani, ila mwenye nyumba akimwambia aondoke, yampasa aondoke.

Haya si mambo ya mawakili peke yao. Wabajuni wa Faza na Kiunga wana ndugu Kismayu na visiwa vya upande wa pili. Risasi ikivuka mpaka kwenda, humkuta mtu wetu. Ikirudi, kama ilivyorudi Mpeketoni mwaka 2014, pia humkuta mtu wetu. Wavuvi wa Lamu wanajua walivyokatazwa kuvua usiku kwa miaka kadhaa kwa sababu ya usalama.

Kwa hivyo kiongozi yeyote, wetu au wa ng'ambo, akisema nchi yake inajitetea, tusiishie kushangilia wala kulaani. Tumuulize: ni nani aliyekushambulia, na kwa kiasi gani? Njia nyingine ulizijaribu? Baraza la Usalama umeliambia? Na utajuaje kwamba umeshajikinga, urudi nyumbani? Swali la mwisho ndilo gumu zaidi. Wanajeshi wetu walivuka mwaka 2011, na miaka kumi baadaye walikuwa bado wako huko.