JICHO LINAVYOCHAMBUA

Hapa Chapwa, upande wa Tunduma, tunachambua mahindi na maharage kwenye ungo kila siku. Je, umewahi kujiuliza jambo hili? Jiwe jeupe ndani ya maharage mekundu tunaliona mara moja. Jiwe jekundu linatupita, likaja kugunduliwa na jino! Macho ni yale yale. Kwa nini?

Tufanye jaribio. Kusoma tumekwisha kujua, basi tutumie herufi. Chukua kijiti, uchore chini herufi T nyingi, safu kwa safu. Nusu ya kulia, chora T zilizoinama. Simama utazame. Papo hapo utaona pande mbili, kama shamba la mahindi linapopakana na la maharage.

Sasa futa zile zilizoinama. Mahali pake chora L zilizosimama wima. Tazama tena. Mpaka hauonekani upesi, sivyo? Hili ni la ajabu, maana T iliyoinama ni T ile ile, lakini L ni herufi nyingine kabisa! Mtaalamu Jacob Beck wa Marekani alifanya majaribio ya namna hii mwaka 1966.

Sababu ni hii. Jicho hupokea mwanga, lakini ubongo ndio unaotambua. Ndani ya ubongo zimo chembe hai nyingi. Baadhi husisimka zikipata mstari uliosimama, nyingine zikipata ulioinama. Chembe hizo hufanya kazi zote kwa pamoja. Kwa hiyo tofauti ya rangi, ukubwa au mwinamo wa mistari huonekana mara moja. Lakini T na L zina mistari ile ile: mmoja wima, mmoja umelala. Tofauti yake ni namna ilivyounganishwa. Tofauti ya namna hiyo hutaka tutazame moja moja, kwa makini.

Sasa turudi kwenye ungo. Punje nyeusi iliyooza inaonekana yenyewe. Punje yenye ukungu kidogo au tundu dogo hufanana na wenzake, nayo hupita. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu ukungu wa aina fulani hutoa sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Basi tufanye hivi:

1. Tuchambue mchana, penye mwanga.
2. Tutandaze punje chache, tuzigeuze, tusiharakishe.
3. Punje mbovu tusiwape kuku, wala tusitengenezee pombe. Kupika hakuondoi sumukuvu.

Tena tukumbuke: sumu yenyewe haionekani kwa macho. Hata punje nzuri kwa sura yaweza kuwa nayo. Kwa hiyo tukaushe mahindi vizuri juu ya turubai, si juu ya udongo, na tuyaweke pakavu. Jicho ni msaidizi mwema, lakini peke yake halitoshi.