Je, Wajua? Walilipa Kiingilio, Wafungwa Wakatoka

Je, wajua kwamba panga za wanaume na sketi pana za wanawake ziliwahi kuachwa nyumbani ili wafungwa watoke gerezani? Ilikuwa Dublin, Ireland, Aprili 13, 1742. Mtunzi wa muziki Handel alikuwa anaisikilizisha dunia kazi yake ya Messiah kwa mara ya kwanza, na mapato yalikuwa ya mafungu matatu: hospitali mbili za wasiojiweza, na wafungwa wa madeni. Enzi hizo aliyeshindwa kulipa deni alitupwa ndani mpaka alipe. Sasa aliyeko ndani ataipata wapi hela? Sheria ya ajabu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Ukumbi wa mtaa wa Fishamble ulikuwa wa watu kama 600. Waandaaji wakatangaza magazetini: akina mama, tafadhali njooni bila vile vitanzi vya kutanulia sketi, akina baba, panga zibaki nyumbani. Walijua kwamba mama mmoja mwenye kitanzi hukalia nafasi ya watu wawili. Siku ilipofika waliingia watu 700. Yakapatikana takriban pauni 400, na wadaiwa 142 wakalipiwa madeni yao na kwenda zao.

Desturi hiyo ya kuwatoza watu kiingilio wakae kimya wamsikilize mtu, kisha hela ziende kwa mgonjwa au yatima, haijafa. Ipo miji ambako jirani hualikana jioni kusikiliza historia zisizofundishwa darasani, na kopo la mchango linakaa mlangoni. Sisi wa harambee tunaielewa haraka, ila harambee nyingi humtaja mtoaji na kiasi chake kwenye kipaza sauti. Kwa wenzetu unanunua hadithi. Binafsi naona njia ya pili ina heshima zaidi kwa mwenye mfuko mwembamba.

Aliyeijua biashara hiyo kuliko wote ni mwandishi Charles Dickens. Desemba 1853 alikwenda Birmingham kusoma hadithi zake kwa ajili ya chuo cha watu wazima kilichokuwa kinaanzishwa. Alisoma jioni tatu, na ile ya mwisho, Desemba 30, alitaka iwe ya wafanyakazi wa viwandani kwa kiingilio cha peni sita tu. Walijaa zaidi ya elfu mbili.

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa Februari 9, 1858, jijini London, kwenye chakula cha jioni cha kuichangia hospitali ya watoto ya Great Ormond Street. Hospitali hiyo ilikuwa imefunguliwa miaka sita nyuma ikiwa na vitanda 10. Dickens hakuwasomea matajiri wale hesabu za dawa. Aliwasimulia habari za mtoto aliyemkuta Edinburgh, katika chumba cha watu fukara, amelazwa ndani ya sanduku kuukuu la mayai ambalo mama yake aliliomba dukani. Mtoto amekonda, hasemi wala halii, anatazama tu, kama anayeuliza kwa nini yuko pale. Basi. Usiku ule zilipatikana zaidi ya pauni 3,000, na Aprili akarudi tena kuisomea hospitali hiyo hiyo hadithi yake ya Krismasi.

Je, wajua kilichofuata? Wiki mbili baada ya usomaji huo wa Aprili alianza kusoma kwa faida yake mwenyewe. Alijibunia meza ndefu yenye miguu myembamba, imevikwa kitambaa cha mahameli, ina kibao cha kuegemeza kiwiko na mahali pa glasi ya maji, ili watu wamwone mwili mzima akiigiza. Miezi ya mwisho daktari alikaa nyuma ya jukwaa akimpima mapigo ya moyo: alipanda na mapigo 72 kwa dakika, akashuka akiwa na zaidi ya 110, hasa akisoma mauaji ya Nancy, mwanamke wa kwenye hadithi yake. Alifariki Juni 1870. Meza imo hadi leo katika jumba lake la makumbusho London.

(Mwandishi Mark Twain naye alizunguka dunia mwaka 1895 na 1896 akihutubia, kutoka Australia hadi India na Afrika Kusini, lakini mhitaji wake alikuwa yeye mwenyewe: alikuwa amefilisika. Kufikia 1898 alikuwa amewalipa wadai wake wote.)

Ng'ambo ya Atlantiki, Oktoba 6, 1871, vijana tisa waliondoka Nashville, Marekani, wakiwa na nguo hafifu za safari. Wengi wao walizaliwa utumwani. Chuo chao cha Fisk kilikuwa na umri wa miaka mitano na majengo ya jeshi yanayooza, na mweka hazina wake, George White, aliamua kukiokoa kwa kwaya. Walipokuwa Cincinnati ndipo Chicago ilipoungua. Walikuwa wamepata dola zisizofika 50, nao hawakuwa na hata makoti ya baridi. Wakazitoa zote kwa waliounguliwa na nyumba.

Mwanzoni waliimba nyimbo walizodhani Wazungu wanazitaka, na ukumbi ukabaki baridi. Nyimbo za utumwani waliziimba faraghani, maana zilikuwa za wazazi wao na za uchungu. Walipothubutu kuzipeleka jukwaani, watu walilia. Mwaka 1873 walimwimbia Malkia Victoria, na mwaka 1876 jengo la chuo lililotokana na nyimbo zao, Jubilee Hall, likakamilika. Bado lipo na bado lina wanafunzi.

Sasa turudi nyumbani, maana kuna mhadhara mmoja ambao matunda yake Mzanzibari anaweza kuyagusa. Desemba 4, 1857, David Livingstone alizungumza na wanachuo wa Cambridge kuhusu Afrika na biashara ya watumwa. Hakupitisha kopo, lakini waliomsikia walianzisha chama cha misheni cha vyuo vikuu, na michango ikafuata. Mwaka 1861 msafara wao wa kwanza, ukiwa na Livingstone mwenyewe, ulikuta watumwa wamefungwa kongwa katika nchi ambayo leo ni Malawi, wakawafungua. Mmoja wao alikuwa kijana Myao, Chuma. Ndiye huyo ambaye miaka 12 baadaye, pamoja na mtumishi mwenzake Susi na wenzao, aliubeba mwili wa Livingstone kutoka Chitambo, Zambia, mpaka Bagamoyo.

Misheni ilihamia Unguja mwaka 1864. Mmisionari Edward Steere alifika mwaka huo, akajifunza Kiswahili, na mwaka 1870 akachapisha mwongozo wa lugha yetu na kitabu cha hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja. Soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873, kanisa la Mkunazini lilianza kujengwa juu ya kiwanja chake. Wenyeji husimulia kwamba zipo nguzo zilizosimamishwa kichwa chini, mafundi wakifanya kazi Steere akiwa safarini. Alifariki 1882 na kuzikwa humo humo. Chuma naye alifariki Unguja mwaka huo huo.

Ukipita Mkunazini, usiishie kupiga picha nje. Ingia, uzitafute zile nguzo, kisha uulize msalaba wa mbao ulipo. Mbao yake ilitoka kwenye mti wa Chitambo ambao chini yake ulizikwa moyo wa yule mhadhiri wa Cambridge.