Makato ya SHA: Mfanyakazi Afanye Nini Kabla ya Kufika Hospitalini

Kila mwisho wa mwezi, wafanyakazi wengi wanaoishi Kabiro, Gatina, Kawangware na Kibera huona katika hati ya mshahara mstari ulioandikwa SHIF, karibu na NSSF na ada ya nyumba. Pesa hizo zimekwisha kutoka. Wengi huchukulia kwamba kazi imeishia hapo, na kwamba siku mke akishikwa na uchungu au mtoto akilazwa, kitambulisho kitatosha. Shida huonekana kwenye dirisha la mapokezi, tena usiku: jina la mke halimo, au mwajiri alikata mchango lakini hakuupeleka. Wakati huo si mzuri wa kuanza kutafuta vyeti.

Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilianza kazi tarehe 1 Oktoba 2024 chini ya Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023. Ilichukua nafasi ya NHIF, iliyokuwepo tangu 1966. Waliokuwa wanachama wa NHIF walitakiwa kujisajili upya, hata wale waliokuwa wamelipa kwa miaka 20 bila kukosa. Jambo hili lingali linawakwaza watu hadi leo. Kadi ya zamani iliyo kabatini haina kazi, na wategemezi walioandikwa NHIF wanapaswa kuandikwa tena.

Mfanyakazi wa mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato mengine, na kiasi hicho hakiwezi kuwa chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Kima cha chini cha mshahara kwa kibarua wa kawaida au mfanyakazi wa nyumbani jijini Nairobi, kilichoanza Novemba 2024, kilikuwa shilingi 16,113.75. Mchango wake kwa kima hicho ulikuwa kama shilingi 443. Anayepata 20,000 hukatwa 550, wakati NHIF ilimkata 750. Anayepata 30,000 hukatwa 825 badala ya 900. Kuanzia hapo mambo hugeuka: wa 40,000 aliyekuwa akilipa 1,000 sasa hulipa 1,100, na wa 100,000 aliyekuwa na kikomo cha 1,700 hulipa 2,750, kwa sababu kikomo cha juu kiliondolewa. Kwa hiyo malalamiko kwamba kila mtu anakatwa zaidi si ya kweli kwa askari wa lango, mpishi wa hoteli au mama wa kufua nguo aliyeajiriwa kwa mwezi. Kuna tofauti moja na NSSF ambayo wengi hawaijui: hapa mwajiri haongezi chochote kutoka mfukoni mwake. Mchango wote ni wa mfanyakazi, na hiyo ni sababu tosha ya kuufuatilia.

Kujisajili ni bure. Mtu hupiga *147# kwa simu yoyote, hata kabambe, au huingia kwenye tovuti ya afyangu.go.ke, akiwa na nambari ya kitambulisho cha taifa na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake. Hapo ndipo baadhi hukwama, kwani laini wanayotumia iliandikishwa kwa kitambulisho cha ndugu au cha mwajiri wa zamani, na nambari ya siri ya kuthibitisha hutumwa kwa simu ambayo hawana. Laini inafaa kurekebishwa kwanza kwa kampuni ya simu.

Baada ya hapo huja wategemezi, na hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Mume au mke huongezwa kwa nambari ya kitambulisho chake. Watoto huongezwa kwa cheti cha kuzaliwa. Sheria inamtambua mtoto hadi atimize miaka 21 ikiwa hana kipato chake, au 25 ikiwa bado anasoma kwa muda wote. Mtoto mwenye ulemavu anayemtegemea mzazi kikamilifu hawekewi umri. Katika mitaa hii kuna watoto wengi waliozaliwa mashambani na vyeti vyao havijawahi kuchukuliwa. Mzazi anayengoja mtoto augue ndipo aanze safari ya ofisi ya usajili wa vizazi amechelewa.

Mama na baba walio nyumbani Vihiga, Machakos au Murang'a hawahesabiwi kuwa wategemezi wa mtoto wao anayefanya kazi Nairobi. Lazima kila mzazi ajisajili mwenyewe, apimwe uwezo wake wa kulipa, na mchango wake wa mwaka ulipwe. Mtoto anaweza kumlipia kwa simu, lakini bima inakuwa ya mzazi. Vilevile mume na mke wakiwa wote wameajiriwa, kila mmoja hukatwa kivyake. Hakuna anayesamehewa kwa kuwa mwenzake amelipa.

Mwajiri anapaswa kuwasilisha michango ifikapo tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Makato ya Machi, kwa mfano, yawe yamefika kufikia tarehe 9 Aprili. Sheria inamtoza faini anayechelewesha, ila faini hiyo haimsaidii mfanyakazi aliye kitandani. Inafaa mfanyakazi aangalie mwenyewe kupitia *147# au akaunti yake ya Afya Yangu, mara moja kila mwezi baada ya tarehe hiyo, kama mchango umeonekana. Usipoonekana, aulize afisi ya malipo akiwa na hati ya mshahara mkononi. Akipuuzwa, apige simu ya SHA, 147. Hati za mshahara zisitupwe. Ndizo ushahidi kwamba pesa zilikatwa.

Neno mwajiri halimaanishi kampuni peke yake. Mwenye nyumba Kileleshwa au Lavington aliyemwajiri yaya kutoka Kawangware ni mwajiri. Mwenye duka la dawa au saluni iliyo na msaidizi mmoja pia ni mwajiri. Wafanyakazi wa nyumbani ndio wanaokosa zaidi, kwa sababu hulipwa kwa M-Pesa bila hati yoyote. Yaya katika hali hiyo ana haki ya kuuliza kama mchango wake unapelekwa, na swali hilo ni jepesi zaidi siku ya kuanza kazi kuliko baada ya miezi sita.

Bima yenyewe ina mifuko mitatu, na kujua ni upi unaolipa nini huokoa hasira nyingi. Hazina ya Afya ya Msingi hulipwa na kodi. Humhudumia mtu yeyote aliyejisajili, awe amechanga au hajachanga, katika zahanati na vituo vya afya, yaani levo 2 na levo 3. Kwa mkazi wa Kabiro, hiyo ni Kawangware Health Centre au Riruta Health Centre. Kwa wa Kibera, Kibera South Health Centre iko karibu. Kuonwa na mhudumu, vipimo vya kawaida na dawa za homa au kikohozi viko chini ya mfuko huu. Anayepita kituo cha mtaani na kwenda moja kwa moja hospitali kubwa kwa ajili ya kikohozi huenda akatozwa, na si kosa la mhudumu wa mapokezi.

Mfuko wa pili ndio SHIF, ule unaokatwa kwenye mshahara. Unahusu kulazwa, upasuaji, kusafishwa damu kwa wenye shida ya figo, na kujifungua. Kujifungua kunahitaji kusisitizwa. Chini ya Linda Mama, mama alijifungua bure bila kuchangia lolote, na wengi bado wanaamini hali ni hiyo. Sasa huduma hiyo imo ndani ya SHIF hata katika kituo cha afya: mpango ulipoanza, SHIF ililipa kituo shilingi 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na hospitali shilingi 30,000 kwa upasuaji. Mke wa mfanyakazi anayekatwa kila mwezi ana haki hiyo bila kulipa mchango mwingine, mradi ameandikwa kuwa mtegemezi na michango imefika. Miezi tisa inatosha kabisa kuhakikisha mambo hayo mawili. Kliniki ya kwanza ya wajawazito ndiyo siku nzuri ya kufanya hivyo.

Mfuko wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu. Huingia pale ambapo mgonjwa, kwa mfano wa saratani, amemaliza kiwango cha SHIF cha mwaka.

Anayelazwa Mbagathi, Kenyatta au hospitali nyingine huthibitishwa kwa kitambulisho pamoja na alama za vidole. Alama hizo hazifai kutolewa kwa huduma ambayo mgonjwa hakupata, wala nambari ya siri kupewa mtu anayejitolea "kusaidia" nje ya hospitali. Siku zinazodaiwa kwa jina la mtu hupunguzwa kwenye haki yake na ya jamii yake. Kwa hospitali ya binafsi, jamaa waulize kabla ya kitanda kutolewa mambo mawili: kama ina mkataba na SHA, na kama kuna salio litakalolipwa mkononi.

Kazi ikiisha, na mjengo huisha bila notisi, makato huisha nayo. Aliyeachishwa hahesabiwi tena kuwa mfanyakazi wa mshahara. Anapaswa kujibu maswali ya kupimwa uwezo kupitia *147# au Afya Yangu, kisha apewe kiasi cha kulipa, ambacho kwa watu wasio na ajira rasmi hulipwa kwa mwaka mzima. Kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Kwa asiye na kazi si pesa kidogo, na ndiyo sababu uliwekwa mpango wa Lipa SHA Pole Pole, unaomwezesha mtu kukopeshwa mchango wa mwaka na kuulipa kwa awamu. Akipata kazi tena, ampe mwajiri mpya nambari ya kitambulisho ili makato yaendelee kwa akaunti ileile.

Wasioweza kutumia simu wanaweza kusaidiwa na mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chao, au kufika Huduma Centre ya Kibra au ya GPO. Waende na kitambulisho cha mume na cha mke, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote, na simu yenye laini iliyo kwa jina lao. Asiye na cheti cha mtoto mmoja asisubiri hadi akipate. Ajisajili na walio na vyeti, na huyo mwingine aongezwe baadaye.