Saa Nayo Ni Dawa

Kidonge cha majira chenye projestini pekee hudhaniwa kuwa dawa dhaifu. Hakina estrojeni kama vidonge vya homoni mbili, na kipimo chake ni kidogo: kile cha levonorgestreli kina mikrogramu 30 tu. Takwimu za Shirika la Afya Duniani, kwa haraka, zinaelekea kuthibitisha dhana hiyo, kwani kati ya wanawake 100 wasionyonyesha wanaokitumia kwa namna ya kawaida ya watu, 7 hivi hushika mimba katika mwaka wa kwanza. Lakini takwimu hizo hizo zinaonyesha kwamba kikimezwa kila siku bila kukosea, wanaoshika mimba hawafiki hata mmoja katika 100. Homoni ni ile ile na kipimo ni kile kile. Kilichobadilika ni umezaji. Ndiyo maana nasema saa ya kumeza ni sehemu ya dawa yenyewe, na mwanamke anayekabidhiwa pakiti bila kuelezwa habari ya saa amepewa nusu ya tiba.

Sababu imo katika ute wa mlango wa kizazi. Projestini huufanya ute huo kuwa mzito hata mbegu za kiume zishindwe kupenya. Kwa levonorgestreli kinga hii ndiyo tegemeo kubwa, maana kipimo hicho huzuia yai kutoka katika takribani nusu tu ya mizunguko. Ute huanza kuwa mzito saa chache baada ya kumeza, na siku nzima ikipita bila kidonge kingine huanza kurudi wepesi wake. Kwa hiyo aliyezoea kumeza saa mbili usiku, akikumbuka saa sita, amekwisha kuvuka saa tatu zinazoruhusiwa. Ameze mara tu akumbukapo, aendelee na kinachofuata kwa saa yake ya kawaida hata ikibidi kumeza viwili siku moja, na kwa siku mbili atumie kondomu au ajizuie. Kidonge cha desogestreli, ambacho huzuia yai kutoka karibu kila mzunguko, humvumilia mchelewaji hadi saa 12. Tena pakiti ya levonorgestreli haina siku za mapumziko. Aliyetoka kwenye vidonge vya homoni mbili, akazoea kwamba vile saba vya mwisho havina homoni, asije akavichukulia hivi kwa mazoea hayo. Kila kidonge hapa kina kazi, na pakiti ikiisha leo, nyingine huanza kesho, damu iwe inatoka au haitoki.

Wapo watakaouliza: ikiwa saa ni kali hivyo, kwa nini mwanamke asipewe sindano au kijiti akapumzika? Swali ni la haki, na kwa mwenye zamu za usiku au asiye na mahali pa kuweka pakiti yake, huenda hilo ndilo jibu bora. Hata hivyo, anayetaka kupata mtoto mapema baada ya kuacha ana sababu ya kuchagua kidonge, kwani uwezo wa kushika mimba hurudi mara moja, ilhali baada ya sindano huweza kuchukua miezi. Mwenye shinikizo la juu la damu, ambaye estrojeni ingemhatarisha, naye hupata hapa njia iliyo salama zaidi. Na mama anayenyonyesha hana haja ya kuogopa kwamba maziwa yatakauka. Kunyonyesha kwenyewe humwongezea kinga, hata wanaoshika mimba wakawa mmoja hivi tu katika 100.

Lawama iliyo ya kweli ni damu. Hedhi huweza kuvurugika, ikaja kwa matone au isije kabisa, na wengi huacha kidonge kwa hofu hiyo kwa kuwa hakuna aliyewatahadharisha. Mabadiliko hayo kwa kawaida hayana madhara. Wasiofaa kabisa ni wenye saratani ya matiti. Na anayemeza rifampisini ya kifua kikuu, au dawa za kifafa kama kabamazepini na fenitoini, atafute njia nyingine, kwa sababu dawa hizo huvunja homoni kabla haijafanya kazi. Mhudumu wa kliniki, usimwache mama aondoke kabla hamjachagua saa pamoja, inayofungamana na jambo asilolikosa kila siku. Na wewe msomaji unayetumia vidonge hivi, soma jina la homoni kwenye pakiti yako leo, ujue una saa 3 au 12.